Mwanangu Alichukua Kitabu, Nikampa Koleo

Mpendwa Bi. Fatema,

Naomba msaada wako, na tafadhali usiniandikie maneno ya kumpoza mgonjwa, kwa sababu daktari wangu ameshaifanya kazi hiyo vizuri: moyo umechoka, miguu inavimba, na nimeambiwa kwa adabu kwamba nisipange mambo ya mbali. Sina woga. Nina miaka themanini na moja, nimemzika mume na marafiki wengi, na nyimbo za mazishi yangu nimeshazichagua. Kinachonisumbua ni jambo nililolianzisha mwenyewe, ambalo watu wa nyumba yangu wameliegemea kama ukuta, na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba ukuta huo hauna msingi.

Mimi ni mwalimu, au tuseme mwalimu wa walimu. Nilifundisha saikolojia ya elimu katika chuo cha ualimu mpaka nilipostaafu na kuhamia hapa Waithaka, na somo lililonipa jina ni lile la aina za akili, kwamba kuna mwenye akili ya maneno, mwenye akili ya hesabu, ya mwili, ya muziki, ya mikono, ya kujijua na ya kuwajua wengine, na kwamba mwalimu anayewapima watoto wote kwa mtihani mmoja ni sawa na fundi anayeshona suti zote kwa kipimo cha mteja mmoja. Hilo nililiamini, na bado nalipenda. Lakini sikutosheka kulifundisha darasani, nikalipeleka nyumbani, nikalifanyia sherehe.

Kila mtoto wa ukoo wetu akitimiza miaka sita, Desemba tukiwa tumekutana, baada ya sala na chai, nilikuwa natandika mkeka sebuleni na kupanga juu yake vitu saba: kitabu, koleo, fremu ya shanga za kuhesabia, kamba ya kuruka, kayamba, donge la udongo na kioo. Mtoto anaachiliwa, watu wananyamaza, kile anachokichukua kwanza ndicho akili yake, nami nasimama na kutangaza. Bi. Fatema, sisi Wakamba tunapenda sherehe, na sherehe ikiongozwa na mtu mwenye shahada huwa nzito kuliko ubatizo. Watu walisema, "Mwalimu ameshamsoma mtoto," na baada ya hapo hakuna aliyethubutu kumsoma tena.

Binti yangu Kavutha alichukua fremu ya shanga. Leo ni mhasibu wa serikali, ana ofisi mjini na nyumba Loresho, na anauamini mkeka ule kuliko vyeti vyake. Sijawahi kumkumbusha kwamba sahani ya mandazi ilikuwa upande ule. Bintiye, Stacy, alipofika zamu yake alichukua kamba ya kuruka, nikatangaza kwamba akili ya mtoto huyu iko katika mwili, makofi yakapigwa, na tangu siku hiyo akileta alama mbaya za hesabu hakuna anayeshtuka nyumbani kwao. Sasa Stacy yuko Gredi ya Tisa, na lazima achague mkondo wa masomo atakaoufuata sekondari ya juu. Yeye anataka sayansi na hisabati. Mama yake na baba yake, Mwau, wameshaamua kwamba ni sanaa na michezo, na Jumapili hii tunakutana Loresho kulimaliza jambo hilo, mimi nikiwa nimebebwa kwa gari kama mgeni rasmi.

Likizo hii Stacy amekuwa akija kukaa nami, na ndiye aliyeniumbua bila kujua. Siku moja alikuwa na hesabu ya matangi mawili ya maji, moja linajazwa na jingine linavuja, akaketi mezani pangu akitafuna kalamu, hakupata kitu. Halafu akasimama, akaanza kutembea kutoka kitandani pangu hadi dirishani na kurudi, mkono wa kulia ukiwa tangi moja na wa kushoto tangi jingine, mmoja ukipanda na mwingine ukishuka.

"Stacy, kaa chini ufikiri," nikamwambia.

"Susu, nikikaa ndio sifikirii. Ngoja kidogo." Susu kwetu ni bibi. Akaenda, akarudi, akasimama katikati ya chumba mikono ikiwa imelingana. "Dakika kumi na mbili! Si ndio?"

Nilifungua majibu nyuma ya kitabu. Zilikuwa kumi na mbili.

"Na shuleni, unatembea?"

"Shuleni ukisimama unaambiwa uko na ujeuri. Mimi hukaa tu, nafeli kwa adabu."

Nikamuuliza jambo ambalo, katika miaka yangu yote ya kufundisha namna watoto wanavyojifunza, sikuwahi kumuuliza mtoto hata mmoja: kwa nini alichukua kamba siku ile?

"Si ilikuwa ya pinki! Hivyo vingine vyote vilikuwa vinakaa vitu vya makumbusho. Na kile kitabu chako kilikuwa kinanuka, Susu. Pole."

Nilicheka mpaka pumzi zikanikatika, Stacy akaogopa, akaniinua. Nilipotulia nikampigia mama yake simu, nikamweleza niliyoyaona. Kavutha alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwaitu, mama yangu, usimpe huyu mtoto matumaini ya bure. Si ni wewe ulisema akili yake iko kwa miguu? Hesabu niliichukua mimi. Saa hii unataka kubadilisha kwa sababu wewe ni mgonjwa na yeye ndiye anakuletea dawa."

Mpaka hapo ungeniambia, Mwalimu, jambo lenyewe ni rahisi, simama Jumapili useme mkeka ule ni mchezo tu. Wangenisikia. Mimi nikisema watu hunisikia. Lakini kuna Musili.

Musili ni kifungua mimba wangu, na ndiye mtoto wa kwanza kuwekwa mbele ya mkeka. Siku ile nilikuwa nimewaalika walimu wenzangu, mchungaji na akina mama wa kanisa, kwa sababu nilitaka waione elimu ikifanya kazi. Musili hakusita. Alivipita vitu vyote, akachukua kitabu, akaketi nacho, akakifungua juu chini, akaanza kusogeza kidole huku akinung'unika maneno ya kujitungia. Mke wa mchungaji akacheka: "Mwalimu, huyu wako amekuwa kama mbuzi aliyekuta gazeti!" Wote wakacheka, bila ubaya, kama watu wanavyomcheka mtoto. Lakini mimi nilikuwa mwalimu wa walimu, na mwanangu hakujua herufi hata moja, jambo nililokuwa nikilificha mwaka mzima. Nilipiga magoti, nikamtoa kitabu mikononi polepole huku nikitabasamu, nikamtia koleo, nikauinua mkono wake juu. "Hicho alikuwa anakisogeza tu," nikasema. "Tazameni, koleo! Huyu ana akili ya mikono." Wakapiga makofi. Musili akawatazama, akalitazama koleo, akatabasamu. Anachokikumbuka yeye ni makofi.

Na kilichofuata ni kibaya zaidi. Sikumpiga wala sikumtukana, nilimsamehe kusoma. Alipoleta ripoti mbaya nilimwambia, "Usijali, akili yako iko kwingine," na mimi niliyewafundisha mamia ya walimu jinsi ya kukaa na mtoto mzito wa kusoma, silabi kwa silabi, sikukaa naye jioni hata moja. Hakufika mbali shuleni. Leo ana karakana yake Dagoretti, anatengeneza mageti na vyuma vya madirisha, na ukutani ameandikisha jina kwa rangi nyekundu: KOLEO. Binamu zake wakimtania Krismasi kwamba ujumbe wake wa simu hauna herufi, ni sauti tu, hujibu, "Nyinyi mlichaguliwa na mitihani. Mimi nilijichagua mwenyewe nikiwa na miaka sita, na mama yangu ni shahidi." Kisha ananitazama. Nami naitikia kwa kichwa.

Kila Alhamisi hupita hapa na gazeti lako. Wiki iliyopita alileta pia chuma cha kushikia alichokichomelea mwenyewe, akakifunga kando ya kitanda, akakitingisha kwa nguvu zake zote, akaniambia, "Hiki, Mwaitu, hata ndovu angekishika akasimama." Baada ya chai hunipa gazeti. "Soma wewe. Moto wa kuchomelea umenila macho. Tuone Bi. Fatema anamchapa nani leo." Namsomea ukurasa wako na tunacheka shida za watu.

Sasa nikisema Jumapili kwamba mkeka ulikuwa mchezo, Musili ataniuliza, "Na mimi je?" na mbele ya wote itabidi nijibu. Nitakuwa nimemtoa Stacy gerezani na kumbomolea Musili nyumba, mtu wa miaka arobaini na sita ambaye hana lawama na mtu yeyote. Kwa hiyo nimefikiria njia nyingine. Nitasimama na kusema nimemsoma Stacy upya, na kwamba ana akili ya hesabu. Wataamini, kwa sababu nimelisema mimi. Mtoto atapata mkondo wake, Musili atabaki na amani yake, nami nitakwenda na siri ambayo haimdhuru mtu tena. Naona ndiyo njia ya busara. Lakini mimi niliwasahihisha watu maisha yangu yote bila huruma, na sitaki kuondoka bila mtu kunisahihisha. Je, nimekosea? Sema wazi, na uharakishe. Ukichapisha, badilisha majina yetu, hata hilo la karakana.

Mwalimu mstaafu,
Waithaka


Bi. Fatema anajibu

Mwalimu, pole kwa maradhi, na hongera kwa kuchagua nyimbo mapema; wengi huwaachia watoto ugomvi huo. Majina nimeyabadilisha yote, hata la karakana na la chombo chenyewe. Umesema hutaki maneno ya kupoza, basi hutayapata.

Kwanza nikutue mzigo usio wako. Ulichofundisha chuoni hakikuwa upuuzi. Watoto hawajifunzi kwa namna moja. Mimi jedwali la kuzidisha nililipata juu ya meza ya kukatia vitambaa, dukani kwa baba yangu huko mjini, nikipima yadi kwa mikono. Darasani nikiulizwa saba mara nane, mikono yangu ilikuwa inatafuta kitambaa. Mwalimu mmoja aliniona, akanipa kipande cha uzi nikiweke mfukoni. Hakusema, "Fatema ana akili ya vitambaa, akauze dukani." Alinipa uzi, akaendelea kunidai jibu. Stacy anahitaji kutembea, mwingine anahitaji kuimba, mwingine kuachwa kimya kwanza. Hiyo ni njia ya kuingilia, ni mlango. Wewe ulimwona mtoto mlangoni, ukasema hapo ndipo chumba chake, ukafunga kwa nje. Na hata mlango wenyewe hukuuona sawasawa, kwa sababu mtoto wa miaka sita hachagui maisha, Mama. Anachagua pinki na mandazi.

Sasa mpango wako wa Jumapili. Unataka kusimama na kutangaza kwamba Stacy ana akili ya hesabu. Huo ni mkeka uleule, umeugeuza upande tu. Siku atakapofeli mtihani mmoja wa fizikia, na atafeli, maana kila mtu hufeli mmoja, hatasema, "Nisome zaidi." Atasema, "Susu alinisoma vibaya." Usimsome tena. Waambie wazazi wake kwamba mkeka ulikuwa mchezo wako, kisha mpeni Stacy hesabu ngumu na nafasi ya kuzunguka meza, na wote mnyamaze. Kavutha ni mhasibu. Jibu sahihi akilisikia atalijua, hata likitoka kwa mtu asiyekaa kitini. Halafu Mwau aende shuleni azungumze na mwalimu wa hesabu kuhusu kusimama darasani. Hilo halihitaji shahada, linahitaji baba mwenye viatu.

Nimefika kwa Musili, na hapa, samahani kwa umri wako, nimekasirika.

Unasema ukweli utambomolea nyumba. Nani amekwambia? Alipokuwa na miaka sita uliamua kichwa chake hakiwezi kitabu. Leo unaamua kifua chake hakiwezi ukweli. Kwa mara ya pili unamtoa kitu mikononi kabla hajakifungua, na kwa mara ya pili unatabasamu. Unaita busara. Ile ya kwanza pia uliiita busara, ukaipa hata jina la kitaalamu.

Unasema ana amani. Mwalimu, mtu ambaye macho yake yameliwa na moto hawezi kuchomelea chuma cha kumshikilia ndovu na kila kiungo kikae mahali pake. Macho ya Musili hayana neno. Wewe umelijua hilo miaka yote, naye anajua kwamba unalijua, na kila Alhamisi mnakunywa chai juu yake.

Wala usinidanganye kwamba uliniandikia mimi kwa sababu hukuwa na mwingine. Una mchungaji, una binti, una simu. Umechagua ukurasa ambao unajua vizuri ni nani atauleta mpaka kitandani pako. Labda ulipanga kuuruka leo na kusoma habari za mpira. Labda ulitaka akukamate. Nadhani ulitaka yote mawili, na mimi nakuchagulia la pili.

Basi sikiliza. Leo ni Alhamisi. Musili akifika, kabla ya chai, kabla hajakaa vizuri, mwambie hivi: "Musili, siku ile ulichukua kitabu. Mimi ndiye niliyekitoa mikononi mwako, kwa sababu watu walicheka na niliona aibu." Ukimaliza hapo, nyamaza. Usiongeze kwamba ana karakana nzuri na wateja wengi. Ukisema hivyo utakuwa unamlipa ili asikasirike. Usilie kwanza, ukilia atakubembeleza wewe, na hasira yake itakosa mahali pa kukaa. Akipaza sauti, mwache apaze. Akitoka nje, mwache atoke. Chuma kiko kando ya kitanda, utasimama mwenyewe.

Jina la karakana usiliguse hata kwa mzaha. Koleo alilipata kwa uongo, lakini kazi aliyoifanya nalo ni ya kweli, na ukuta ni wake. Akitaka atapaka rangi upya, asipotaka, litabaki. Na Jumapili hutakuwa na la kuogopa, kwa sababu atakayeuliza "Na mimi je?" atakuwa ameshajibiwa, faraghani, kama mtu mzima.

Akibaki, au akiondoka kisha akarudi, mpe ukurasa huu. Usimsomee. Atasema macho yamechoka. Mwambie kwa upole kwamba nyote wawili mnajua si macho. Mkae upande mmoja wa kitanda, kama mlivyostahili kukaa zamani. Atakwenda polepole, silabi kwa silabi, na chai itapoa. Mahali fulani atakwama, na wewe utakuwa na neno lote tayari mdomoni. Lizuie, Mwalimu. Mngoje alitoe mwenyewe.